Abshiro na Dira ya Mkononi

Mjini Garissa watakwambia Abshiro alipotea. Hakupotea. Alichelewa kufika, na kuchelewa si kupotea. Hata ngamia huchelewa. Lakini neno likishatoka ni kama maziwa mchangani, halizoleki, na neno hili lilipanda lori la mbuzi pale Habaswein likafika Garissa kabla ya mwenyewe.

Abshiro alikuwa mjane mwenye ngamia wake. Si wengi, lakini wake, aliowavusha katika ukame uliomaliza mifugo ya watu waliojiona wajanja. Boma lake lilikuwa nje ya Habaswein, mahali ambapo ukikohoa jirani hasikii, na ndivyo alivyopenda. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, walimwambia hospitali, tukikupasua utaona. Akasema jicho hakuliumba daktari, basi asilipasue. Mchana mweupe ulikuwa unamwagia kila kitu maziwa. Gizani alikuwa afadhali, kitu chenye mwanga wake alikiona, ila nyota hakuziona tena. Hilo la nyota hakumwambia mtu.

Jioni moja ngamia wake mmoja, jike aliyeitwa Deero, hakurudi na wenzake. Abdiwahab, mtoto wa dada yake aliyekuwa akimchungia, alisema, "Habaryar, ngamia yule ana akili, atarudi mwenyewe." Habaryar ni mama mdogo. Abshiro alichukua fimbo akatoka. Deero alirudi mwenyewe usiku ule ule, akapiga magoti langoni kama mgeni mwenye adabu. Aliyekosekana ni Abshiro. Vijana wa boma jingine walimkuta kulipopambazuka, katikati ya uwanda, amesimama anaswali.

Kulala nje si aibu. Mitume wenyewe wamelala nje. Aibu ni kwamba alikuwa ameipa Makka kisogo.

Sasa, kwa watu wa huku kibla hakina ugumu. Makka iko kaskazini kwetu, kaskazini kabisa, kana kwamba mtu ameivuta kwa kamba. Mtoto wa chuo cha Kurani anajua: jua likichomoza lipe shavu la kulia, umefika. Mwanamke aliyezaliwa na kuzeekea kwenye uwanda ule, kukutwa ameelekea kusini, ni kama kukutwa hakumbuki jina la baba yake. Wale vijana walicheka kwa heshima, na kicheko cha heshima ndicho kibaya zaidi.

Najib, mwanawe wa pekee, alikuwa na kazi ya ofisi Garissa na nyumba ya mawe yenye geti. Alikuja na gari, akamketisha mama yake kiti cha mbele, akafunga mkanda juu ya kifua chake kama anafunga mzigo.

"Hooyo," alisema, "asiyejua kibla atajuaje nyumbani?"

Hooyo ni mama. Na kwa Wasomali mama naye humwita mwanawe hooyo, neno linakwenda na kurudi. Safari ile Abshiro hakulirudisha. Alikaa kimya toka Habaswein hadi geti la Garissa.

*

Nyumba ya mjini ina kuta nyingi na haina upepo. Abshiro alipewa chumba, akapewa kitanda ambacho hakukilalia, akapewa televisheni inayosema peke yake. Mke wa Najib, Fathi, alikuwa mwanamke msafi, mpole, aliyesoma dini na kuwafundisha watoto wa mtaa Kurani siku za wikendi. Hakuwahi kumjibu mama mkwe wake vibaya. Abshiro alitamani amjibu vibaya angalau siku moja, apate pa kuanzia.

Haikupita muda Fathi akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Iftin. Abshiro ndiye aliyemwogesha wa kwanza. Kisha akaenda kwenye mzigo wake, akatoa kisu cha marehemu mumewe, kifupi, kizito, kimelala kwenye ala ya ngozi, akakiweka chini ya godoro la mtoto, upande wa kichwani.

"Hooyo, hiki ni cha nini?" Fathi aliuliza.

"Cha kazi yake."

"Kama ni majini, Ayatul Kursi inatosha. Kutegemea chuma ni ushirikina, Hooyo. Nawafundisha watoto hivyo, kisha kiwe kitandani kwangu?"

"Isome. Nani amekukataza kuisoma? Wewe soma, kisu kilale. Kila mtu na kazi yake. Mume wako alilala juu ya kisu hiki siku arobaini, na leo anakufunga mkanda wa gari."

Fathi alikitoa. Abshiro alikirudisha. Fathi alikiweka juu ya kabati. Abshiro alipanda kiti, na macho yale, akakipapasa mpaka akakipata. Hawakugombana kwa sauti hata mara moja. Kisu kilikuwa kinatembea nyumbani humo kama paka, leo huku kesho kule, na Najib alijifanya hakioni.

Jambo kubwa lilikuwa jingine. Najib alikuwa ameanza kusema ngamia wauzwe. Abdiwahab anataka kwenda zake, alisema, ndama wanakufa, boma bila mwenyewe ni pango. Alilisema kwa upole, akiwa anakunywa chai, kama mtu anayezungumzia kubadilisha pazia.

"Mwenyewe yupo," Abshiro akasema. "Nirudishe."

"Hooyo, ulipotea."

"Nilichelewa."

Mtu mwingine angelia. Abshiro aliomba apelekwe Suuq Mugdi.

*

Suuq Mugdi maana yake soko la giza. Vibanda vimebanana, mabati na maturubai yamefunika vichochoro, na adhuhuri ya Garissa, inayoweza kukaanga yai juu ya jiwe, ukiingia humo unapapasa kama umeingia ndani ya kibuyu. Watu wenye macho mazima hujikwaa. Abshiro alitembea vizuri humo kuliko mahali popote mjini.

Alikuwa na saa ya marehemu mumewe, ya chuma, mkanda wa chuma, imekufa toka mwenye nayo alipokufa. Alitaka itiwe roho tena apate kujua vipindi vya sala bila kumuuliza Fathi. Fundi wa saa aliitwa Rage, mtu wa makamo mwenye jicho moja limebanwa na kioo cha kukuzia, kibanda chake kipana kama jeneza. Rage akiwa ameinama juu ya saa, Abshiro aliona kitu kinawaka ndani ya bakuli la vifungo na skrubu. Nukta ya kijani. Haikuwa inametameta, ilikuwa imetulia tu, kama jicho la mnyama anayekutazama bila hofu.

"Hiyo ni nini?"

"Ipi, eeddo?" Rage alimwita shangazi, kama inavyotakiwa.

"Hiyo inayonitazama."

Rage akacheka, akaitoa. Ilikuwa dira ndogo, haizidi kifungo cha koti, nyuma ina vijino vya kushika mkanda wa saa. Pembezoni alama nne za kijani, na ncha ya sindano nayo kijani. "Hii haitaki betri, haitaki jua. Ndani kuna vichupa vyembamba kama miiba, vina hewa inayowaka bila moto. Ifungie sandukuni mwezi mzima, ukifungua utaikuta inawaka."

"Mpaka lini?"

"Miaka kumi, na zaidi. Inafifia polepole kama sisi."

"Ilitoka wapi?"

"Mfukoni mwa koti la mitumba. Koti la askari wa mbali, naona."

"Basi mwenyewe atakuwa amepotea," Abshiro alisema, na hicho ndicho kicheko chake cha kwanza toka aingie Garissa. "Inaonyesha wapi?"

"Kaskazini."

Abshiro akanyosha mkono, akaomba aishike. Sindano ikatikisika, ikatulia. Akajigeuza kwenye kile kichochoro, watu wakimpita na marobota vichwani, na kila alikogeuka nukta ile ilibaki pale pale, inatazama kule kule, haijali anayesukumana wala anayetukana. Makka, akasema moyoni. Na Habaswein. Kutoka Garissa vyote viko upande mmoja.

"Ifunge kwenye saa yangu," akasema.

Rage akaijaribu. Ilipokaribia ule mkanda wa chuma, sindano ikazunguka, ikang'ang'ania saa kama mtoto na titi.

"Haifai. Chuma kinaidanganya, eeddo. Hii sindano inapenda chuma kuliko inavyopenda kaskazini."

"Kama vijana wa siku hizi na mji."

"Ndivyo. Nitakuwekea mkanda wa ngozi, na kishikizo cha shaba. Na wewe ukiitazama usiwe karibu na chuma. Usiitazame kwenye gari, usiitazame kwenye geti, usiegemee nguzo ya bati. Umenisikia?"

"Mimi kipofu, si kiziwi."

Kesho yake alirudi na ngozi yake mwenyewe. Ilikuwa kamba ya chombo cha maziwa, ngozi ya shingo ya mama yake Deero, imelainika kwa mafuta na moshi wa miaka. Rage aliikata nyembamba, akaitoboa, akaishona kwa mkono. Abshiro akakaa kwenye kigoda anamwamrisha. Alitaka dira ikae upande wa ndani wa mkono wa kushoto, sio juu kama saa ya madoido, ili akifunua kiganja kama anayeomba dua aione. Alitaka kifundo cha uzi pembeni, apate kukigusa na kujua mbele ni wapi. Kisha akasema zile alama nne zifutwe.

"Zote?"

"Macho yangu yanazichanganya. Nataka ncha ya sindano peke yake."

"Eeddo, mashariki na magharibi pia ni vya Mungu."

"Mwachie Mungu. Mimi nataka kumoja tu."

Rage akaazima rangi nyeusi ya kucha kibanda cha pili, kwa muuza vipodozi, akazifunika alama zile moja moja kwa kijiti. Ikabaki nukta moja ya kijani ndani ya weusi. Alipomfunga mkononi, Abshiro aliteremsha mkono wa dirac, gauni lake pana, juu yake, akatoka Suuq Mugdi kifua mbele kama mwenye soko.

*

Usiku ule alimwita Najib chumbani.

"Unasema asiyejua kibla hajui nyumbani."

"Nilisema, Hooyo."

"Na anayekijua?"

Najib alikuwa mtu wa haki, hilo hakunyimwa. Alifikiri. Fathi akitoka arobaini, akasema, watakwenda wote Habaswein kumwonyesha mtoto kwa jamaa. Njiani atasimamisha gari mahali anapotaka yeye, kabla ya mapambazuko, waswali Alfajiri. Hakuna atakayemwelekeza. Akionyesha kibla sawasawa, atabaki bomani na ngamia wake, na Abdiwahab ataongezewa mtu wa kumsaidia. Akikosea, atarudi Garissa na ngamia watauzwa, na maneno hayo hayatarudiwa tena.

"Weka mkono," Abshiro akasema. Wakapeana mikono, mama na mwana, kama watu wa mnadani.

Toka hapo alijizoeza. Uani akipulizwa na upepo wa feni ya jirani, juu ya paa, nyuma ya tangi la maji. Alimwambia Fathi amzibe macho amzungushe, na Fathi, aliyekuwa bado na uchovu wa uzazi, akamzungusha kwa uvumilivu. Kila mara Abshiro alifunua kiganja, akanyosha kidole. Hakukosea. Mara moja Fathi akasema, "Mashallah, Hooyo, utatuacha," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli. Abshiro akajifanya hakusikia. Ni vigumu kumchukia mtu anayekuzungusha kwa upole namna ile.

Arobaini ikaisha. Wakati wa kufunga mizigo Fathi alikileta kisu mwenyewe, amekishika kwa ncha za vidole.

"Hooyo, nimevumilia siku zangu. Sasa zimekwisha. Naomba kisije na sisi."

"Mtoto anapita porini gizani."

"Anapita na Mungu."

Najib alikuwa mlangoni. Abshiro akasema, "Haya. Kimebaki." Akakiweka juu ya kabati mbele ya macho yao, na walipogeuka akakitoa. Lakini yule mtoto alikuwa damu yake, na uwanda wanaoupita anaujua yeye, anajua vinavyokaa chini ya miti yake. Walipolala Modogashe kwa rafiki ya Najib, na walipoamka gizani kupanda gari, yeye ndiye aliyemfunga Iftin katika leso mbili. Kati ya leso ya ndani na ya nje, kikiwa ndani ya ala yake, alilaza kisu.

Tena muulize leo Abshiro kama Rage hakumwonya. Alimwonya. Chuma, alisema: gari, geti, nguzo, saa. Kwa Abshiro hivyo ndivyo chuma. Kisu cha mtoto si chuma. Kisu cha mtoto ni kinga, kama kitanga cha mkono wa bibi juu ya utosi. Nani huiita kinga chuma?

*

Mawingu ya gu, yaani masika, yalikuwa yamefunika mbingu, hata mwenye macho mazima asingeona nyota. Najib aliiacha barabara, akaingia vichakani, akazunguka na gari kulia, kushoto, kulia tena, kama mbwa anayetafuta pa kulala. Kisha akazima injini. Upepo ulikuwa umekufa. Ilinuka vumbi lililoguswa na mvua, na Abshiro akajua, kwa pua tu, kwamba nyumbani si mbali.

"Haya, Hooyo," Najib alisema. "Tuonyeshe."

Fathi alikuwa ameshateremka na mtungi, anatawadha. Abshiro akashuka na mtoto amemlaza mkono wa kushoto. Alisogea mbali na gari, hatua nyingi, kama alivyofundishwa. Akafunua kiganja chini ya leso. Nukta ya kijani ikamwitikia. Akageuka taratibu mpaka ikasimama sawa na kifundo cha uzi, akanyosha mkono wa kulia gizani.

"Kule."

Maji ya mtungi yakasikika yakimwagika, kisha yakaacha.

"Tazama tena, Hooyo," Najib alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mpe Fathi mtoto, utulie, utazame tena."

Kama angetazama tena. Lakini alikuwa amesikia katika sauti ile kile kicheko cha heshima cha wale vijana, na damu ikampanda.

"Nimetazama mara moja. Mara mbili ni ya wenye macho mazima."

"Hooyo, simu yangu inasema..."

"Simu yako inatiwa vocha. Hii haitiwi."

Fathi akamchukua mtoto mikononi mwake, akamlaza kwenye kiti cha nyuma bila kumfungua, asije akaamka. Mkono wa Abshiro ukabaki mtupu, umeteremshiwa nguo hadi vidoleni. Nukta ile ya kijani ilikuwa chini ya kitambaa tu. Hakuifunua. Alitandika shuka lake alikoonyesha, na mume na mke wakatandika la kwao, na wale watu watatu wa nyumba moja wakaswali Alfajiri katika uwanda ule wametazama pande mbili.

Alikuwa bado ameketi na tasbihi jua lilipopasua mawingu. Alilisubiri kwenye shavu la kulia. Lilimpiga kisogoni.

Joto lilimshuka shingoni kama mkono wa mtu. Najib hakusema nimekwambia. Alimwinua kwa kumshika kiwiko, akapangusa mchanga kwenye shuka lake, akalikunja vizuri. Abshiro alitamani aseme.

*

Walifika bomani mchana. Deero alimjua kwa harufu, akainamisha shingo, akampulizia usoni. Abdiwahab alikuwa amechinja mbuzi. Jamaa walikuja, wakamtazama mtoto, wakamsifu, wakamtazama Abshiro na kuisifia dira yake, maana habari ilikuwa imeshafika. Hujui inafikaje, lakini inafika. Mnunuzi naye alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi na Najib kwenye kivuli mbele ya nyumba anakunywa chai ya maziwa.

Abshiro aliingia na mtoto katika nyumba yake ya fito na mikeka. Ndani mlikuwa na giza lake lile lile, na harufu ya moshi. Iftin alikuwa amelowa. Akamlaza mkekani, akafungua leso ya nje, na kisu kikateleza kikaanguka karibu na kifundo cha mkono wake wa dira.

Akaona nukta ya kijani inakimbia.

Akausogeza mkono mbali. Nukta ikarudi, ikasimama. Akaurudisha. Ikakikimbilia kisu. Alifanya hivyo tena na tena, kama mtu anayemuuliza shahidi swali moja akitumaini atabadili jibu. Kisha akaelewa yote kwa pamoja.

Hakupotea. Wallahi hakupotea. Angeweza kutoka mle ndani wakati ule ule, asimame mbele ya mnunuzi na jamaa wote, mkono mmoja dira, mkono mmoja kisu, awaonyeshe. Mtoto wa miaka mitano angeelewa. Najib ni mtu wa haki, angesema tufanye tena.

"Hooyo?" Fathi alikuwa ameinama mlangoni, mwanga umemzingira. "Umesema kitu?"

Abshiro alikuwa ameshakifunika kisu kwa goti. Alimtazama yule mwanamke mpole, aliyevumilia siku zake, aliyeomba jambo moja tu na akaambiwa haya, kimebaki. Hatafurahi. Hatacheka. Atasema, pole Hooyo, na atamaanisha. Na kuanzia siku hiyo hadi kaburini, kila mara akiwaambia watoto wa mtaa habari ya ushirikina, hatamtaja, na kwa kutomtaja atakuwa amemtaja.

"Nimesema mtoto amelowa," Abshiro alijibu. "Lete maji."

Huko nje mazungumzo yakapungua. Mnunuzi na Najib wakafunika mikono yao kwa shuka, kama wanavyofanya watu wa mifugo, vidole vikasemezana chini yake pasipo mtu kusikia. Kisha Najib akasimama mlangoni, mahali aliposimama mkewe. Mkono mmoja ulikuwa bado umefunikwa, umeshikana na wa mnunuzi nyuma yake.

"Hooyo. Kabla sijaachia mkono wake. Una neno?"

Alingoja. Alingoja kwa haki kabisa, muda mrefu kuliko mnunuzi alivyopenda.

"Sina," Abshiro alisema.

"Hooyo, kama una neno lolote..."

"Nimekwambia sina, hooyo."

Ni mara ya kwanza kulirudisha neno lile toka siku ya mkanda wa gari. Najib akatabasamu, masikini, akadhani amesamehewa.

*

Lori lilikuja magharibi inapoingia. Ngamia hawapendi lori. Walilia, wakatema, wakafungwa magoti. Deero alipanda wa mwisho, na hakulia, akageuza shingo tu akitafuta upande upepo unakotoka. Abshiro alisimama kando ya lango, fimbo mkononi. Abdiwahab alikuwa analia bila kujificha na hakuna aliyemcheka.

"Wanapelekwa wapi?" Abshiro aliuliza.

"Nairobi, habaryar. Wanashuka hadi Garissa, kisha magharibi."

Lori likaondoka. Mlio wake ukawa mdogo, ukafa. Alikuwa haoni vumbi, wala taa. Alifunua kiganja. Giza lilikuwa limeshaingia kiasi cha kutosha, na sindano ilikuwa imesimama imara, kweli tupu, inatazama kaskazini ambako hakuna kilichokwenda. Akatafuta kushoto kwake, mahali magharibi ilipotakiwa kuwa. Ilikuwa nyeusi kwa ile rangi ya kucha. Akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akaikwaruza tena kwa nguvu.

Haikutoka. Rage alikuwa fundi mzuri.